Doa la Majani, Doa la Kutu

Mama Povu hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata ukweni, wiki aliyoolewa, na aliyempa ni mama mkwe wake, dobi wa mtaa mzima.

Udobi wenyewe ulikuwa chumba cha mbele cha nyumba: meza ndefu ya kupigia pasi, mabeseni matatu ukutani, na dirisha kubwa linalotazama barabara. Siku ya kwanza bibi harusi alipewa shuka za wateja afue. Alitaka kupendwa, basi akamimina sabuni kwa mkono wa ukarimu. Povu likajaa beseni, likamwagika sakafuni, likatoka mlangoni na kushuka ngazi, na watoto wa jirani wakaanza kulirukia kama wamepata bahati. Mama mkwe akaja, akashika kiuno.

"Mwanangu, unafua shuka au unaifulia serikali barabara yake?"

Kuanzia hapo akawa Povu, na alipozaa akawa Mama Povu, ingawa binti yake ana jina zuri tu la kwake.

Mama mkwe hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alifundisha huku anafanya, na asiyetazama alikosa. Alisema kila doa lina kwao, ukishajua kwao limetoka unajua utaliaga vipi. Kijani kwenye goti la kaptura ni majani ya uwanjani. Wekundu wa kahawia pembeni mwa zipu ni kutu. Chai ina ukingo, jasho halina. Na jambo moja alilirudia mpaka Mama Povu akawa analiota: doa halihukumiwi chini ya taa.

"Taa ni mwongo, mwanangu. Taa inapaka kila kitu rangi yake. Doa lipeleke dirishani likaseme ukweli."

Mama Povu alishika yote, akapitiliza. Ikawa haoni alama mahali asitake kuifuta. Binti yake alipozaliwa alikuja na baka la bluu kiunoni, kama watoto wengi wanavyokuja nalo. Mama mkwe alimkuta mzazi ameketi kitandani na pamba na maji ya uvuguvugu, anasugua taratibu, machozi yanamlengalenga kwa kuwa baka halitoki. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini.

"Mwache mtoto wa watu! Hilo kaja nalo!"

Halafu nyumba za watu zikaanza kuingia mashine za kufulia, moja baada ya nyingine. Mafurushi yakapungua mlangoni. Ilipotokea meli moja kuvuja mafuta mazito nje ya bandari, na ndege wa bahari kuu wakaanza kutupwa ufukweni wakiwa weusi kama vipande vya lami, kituo cha kuwaokoa kikatafuta watu wenye mikono ya subira. Mama mkwe ndiye aliyesikia, na ndiye aliyemsukuma.

"Nenda. Nguo zimepata mashine. Ndege hawaingii kwenye mashine."

"Mama, mimi na ndege wapi na wapi?"

"Wewe na shuka mlikuwa wapi na wapi? Nenda, mjukuu wangu niachie."

Mumewe, fundi baiskeli, mtu wa maneno machache na mzaha mwingi, alimwambia kitu kimoja tu: "Usije ukawaanika kwa vibanio."

Kituo kilikuwa ghala la zamani la samaki, na harufu ya samaki haikuwa imehama. Ndani kulikuwa na vizimba vya mbao vilivyofunikwa shuka kuukuu, mabeseni makubwa yaliyopangwa mstari, bomba la maji moto, na katikati taa moja ya rangi ya kiini cha yai iliyoning'inia kwenye waya. Nyuma ya ghala kulikuwa na bwawa dogo. Watu wa kudumu walikuwa wawili. Mmoja ni daktari wa wanyama, mama wa makamo mwenye viatu vya mpira na sauti ya kukwaruza, anayecheka kwanza ndipo anaongea. Wa pili ni Mzee wa Funguo, mlinzi wa zamani wa bandari, ambaye funguo za kiunoni mwake zilitangulia kufika kabla yake mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kushika ndege wakati wa kuoshwa. Kazi ya Mama Povu ilikuwa kuosha: maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, beseni hili kisha lile, mswaki wa meno kwa kichwa na shingo, halafu kusuuza mpaka maji yateleze juu ya manyoya kama shanga.

Siku ya kwanza daktari alimpeleka kwenye vizimba viwili vilivyopakana. Kila kimoja kilikuwa na ndege mkubwa kama mtoto wa kondoo, mweusi tii kwa mafuta.

"Haya mama, hawa ni ndugu?"

Mama Povu alitazama. Ukubwa mmoja, weusi mmoja, mdomo mkubwa uliopinda mbele kama ndoano. "Mapacha," akasema.

Daktari akacheka. "Hata ukoo hawachangii. Mafuta yamewavalisha sare, ndiyo maana. Ukiwa na ndege wa mafuta usimtazame nguo. Mtazame pua." Akaelekeza kwa kalamu. "Huyu ni albatrosi. Pua zake ni vijitundu viwili, kimoja huku, kimoja huku, ubavuni mwa mdomo. Sasa huyu mwingine, unaona hili bomba limelala juu ya mdomo? Pua zote mbili zimo humo. Sisi tunamwita Bomba. Albatrosi anaoshwa, analala, anatulia. Bomba anakula wenzake. Ukikosea ukamweka Bomba na wagonjwa wadogo, umemwalika paka kwenye harusi ya panya."

"Pua," Mama Povu akarudia, kama mtu anayetumwa dukani.

"Pua. Na kuna Bomba wa aina mbili, lakini hiyo siku nyingine, leo usijaze kichwa."

Siku nyingine ikawa haifiki, kwa sababu ndege walikuwa wengi na kila mtu mikono imejaa.

Akawazoea. Alijifunza kwamba Bomba akiudhika hakimbii; anakutapikia mafuta ya samaki yenye harufu ya kukufanya uwakumbuke marehemu. Alijifunza kwamba ukimfunika macho kwa kitambaa hutulia, kama mtoto anayedhani amejificha. Mumewe alianza kumpokea mlangoni na ndoo ya maji badala ya salamu.

Kati ya wote, aliowapenda ni Bomba wawili walioletwa wakati mmoja. Wa kizimba cha mlangoni alimwita Shemeji, kwa kuwa alikuwa na utani wa kuuma vidole bila nia mbaya. Wa kizimba cha ndani alimwita Bwana Mkubwa, kwa kuwa hakula samaki mpaka asogezewe mbele ya mdomo. Mafuta yalipowatoka, wote wawili walibaki na manyoya ya kijivu na kahawia yaliyochakaa, kama makoti mawili ya fundi mmoja. Ungemtoa huyu ukamrudisha pa yule, mtu asingejua. Mama Povu mwenyewe aliwajua kwa vizimba vyao tu.

Kitu kimoja kilimkera kwa siri. Kila mmoja alikuwa na doa kwenye ncha ya mdomo, pale penye ndoano. Aliwasugua kwa mswaki. Akajaribu chumvi. Akajaribu ndimu, na Shemeji akamtapikia kifuani kama shukrani. Madoa hayakutoka. Hakumwambia mtu. Dobi aliyeshindwa na doa hatangazi sokoni.

Shemeji ndiye aliyepona kwanza. Aliwekwa bwawani, akaelea juu kama kizibo, akatoka mkavu ndani ya manyoya. Bwana Mkubwa alikaa bwawani kidogo tu, akaanza kuzama mkia. Maji yalikuwa bado yanamwingia mpaka kwenye ngozi. Daktari akasema huyu abaki, baridi ya bahari kuu ikimpenya hatamaliza usiku. Na nahodha wa meli moja ya mizigo akakubali kumchukua Shemeji, amwachie huko mbali ambako mafuta hayakufika.

Siku ya mkesha wa safari Mama Povu hakuwa kazini. Alikuwa amempeleka binti kuchomwa sindano. Siku hiyohiyo wagonjwa wapya wakaletwa, vizimba vikajaa, na daktari akawaweka Bomba wote wawili pamoja kwenye kizimba kikubwa. Ili wasichanganywe akawapaka rangi kichwani: anayeondoka bluu, anayebaki nyekundu. Halafu kesho yake alfajiri akaondoka na gari kwenda ufukwe wa mbali kufuata ndege wengine. Kila mtu alijua habari ya rangi. Kila mtu aliyekuwepo.

Mama Povu alifika asubuhi, akafungua shuka ya kizimba, akaona wapenzi wake wamesongamana na kila mmoja ana bonge la rangi kichwani.

"Jamani! Nani kawachafua watoto wangu? Na leo mmoja anasafiri!"

Mzee wa Funguo alikuwa nje anafungulia bwawa maji machafu yatoke. Hakukuwa na wa kumjibu. Akamfunga wa kwanza kwa taulo, akamfunika macho, akambana magotini jinsi anavyombana binti yake wakati wa kumsuka. Mafuta ya kupikia kwanza, rangi ikalegea. Sabuni, mswaki, maji. Bluu ikaondoka yote, hata kivuli. Akamrudisha. Akamtoa wa pili, akafanya vilevile. Alikuwa anaimba. Ile furaha ya doa linaloondoka, mtu asiyefua hawezi kuijua.

Funguo zikasikika, kisha mzee akatokea na sanduku la mbao lenye matundu.

"Haya binti, nipe wa bluu."

"Wa bluu yupi?"

"Mwenye rangi ya bluu kichwani. Ndiye Shemeji wako. Mwenye nyekundu abaki." Mzee akainama kizimbani. Akatazama. Akatazama tena. "Binti. Rangi ziko wapi?"

Mama Povu alikuwa bado ana mswaki mkononi. Akautazama mswaki, akamtazama mzee.

"Nimeziosha."

"Umeziosha!"

"Nilidhani ni uchafu, mzee wangu."

Mzee akakaa juu ya sanduku. "Mimi nimeoa wake wawili maishani mwangu, Mungu awarehemu, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuosha hivyo."

Kizimbani ndege wawili walikaa bega kwa bega, wasafi, wanang'aa, sawasawa kama viatu vya dukani. Bwawa ndiyo kwanza limetoka maji, na lingechukua nusu siku kujaa. Meli ilikuwa inaondoka mchana, na honi yake ya kwanza ilishalia.

"Tuwape samaki," Mama Povu akasema. "Bwana Mkubwa hali mpaka asogezewe." Akawatupia samaki. Ndege wote wawili wakageuza nyuso pembeni. Walishaudhiwa na kuoga, hakuna aliyetaka kula. Akapeleka kidole aone nani atauma kwa utani. Wakamuuma wote wawili, na safari hii hakukuwa na utani.

Mzee akajikuna kidevu, akapunguza sauti. "Binti, sikiliza. Tuchukue mmoja. Ni nusu kwa nusu. Meli ikishakwenda, nani atajua?"

Mama Povu akawatazama. Mmoja wao, hakujua yupi, manyoya yake yangenywa maji huko mbali mahali pasipo hata jiwe la kupandia, akiwa amemwamini yeye. Akakumbuka maneno ya mama mkwe, kwamba mficha uchi hazai.

"Yeye atajua," akasema. "Akigusa maji tu atajua. Nipe simu yako, mzee, yangu haina salio."

Daktari alipokea huku upepo unavuma kwenye simu. Mama Povu alisema yote kwa pumzi moja, bila kujitetea, mpaka kwenye mswaki. Ikaja ile sauti ya kukwaruza, inacheka.

"Umeitoa rangi ya kupakia ng'ombe? Hiyo nilidhani haitoki mpaka mnyama azeeke! Haya, usilie, mama. Kosa ni langu pia, sikuacha neno. Nitumieni picha ya midomo yao, kwenye ncha."

Mzee akapiga picha, akatuma. Wakasubiri.

"Mmenipigia picha za chai," daktari akasema. "Zote mbili rangi moja. Na simu yangu kioo kimepasuka, jua linaniwakia, naona uso wangu tu na haunifurahishi. Sikiliza, nitakwambia, wewe utakuwa macho yangu. Nilikwambia Bomba wako wa aina mbili. Wanafanana kila kitu, ukubwa, manyoya, hasira. Tofauti iko kwenye ncha ya mdomo. Mmoja ncha yake ina ukijani. Mwingine ncha yake ina wekundu wa kahawia..."

"Kutu!" Mama Povu akapiga kelele mpaka Bomba wote wawili wakaruka. "Doa la kutu na doa la majani! Daktari, yale si madoa?"

"Madoa gani?"

"Yale ya mdomoni! Nimeyasugua wiki ya kwanza yote! Na chumvi! Na ndimu!"

Upande wa pili wa simu daktari alicheka mpaka akakohoa. "Pole yao! Hizo ni rangi zao, wamezaliwa nazo, mama. Ndizo hizo. Basi sikiliza vizuri: anayeondoka ni wa kutu. Wa majani abaki. Una hakika utaziona?"

Mama Povu akainama chini ya taa. Ncha hii rangi ya chai, ncha ile rangi ya chai. Akafumba macho, akafumbua, bado chai. Honi ya pili ya meli ikalia. Mzee akahema. "Unaona?"

"Sioni. Na huwezi kuona hapa. Taa ni mwongo." Akamfunga ndege wa kwanza kwa taulo. "Nifungulie mlango, mzee. Mbao zote mbili za mlango."

Akatoka naye nje, akasimama penye mwanga wa mchana, ukutani kusipo na kivuli, akamgeuza kichwa taratibu. Ncha ya mdomo ikasema kwao ilikotoka. Kijani. Kile kijani kilichofifia cha goti la kaptura, lililofuliwa mara nyingi na halijasahau uwanja.

"Bwana Mkubwa," akamwambia, "kumbe ni wewe."

Akarudi, akamleta wa pili. Wekundu wa kahawia, mkavu, kama mahali zipu ilipolala kwenye nguo yenye maji. Hakuhitaji kutazama mara mbili, lakini alitazama, akamwita mzee atazame, kisha akawaleta wote wawili mlangoni, mzee akamshika mmoja na yeye mmoja, ili rangi mbili zikae pamoja. Mzee akasogeza uso mpaka karibu aumwe.

"Aisee," mzee akasema. "Mimi ningesema wote ni wa kahawia. Lakini ukiwaweka hivi... huyu ana kitu. Huyu ana kitu kingine."

"Daktari, wa kutu yuko mkononi mwangu."

"Mtie sandukuni, mpe salamu zangu."

Shemeji alitiwa sandukuni, akaaga kwa kumtapikia mzee kwenye suruali, mpaka kwenye funguo. Mzee alikimbia naye gatini hivyohivyo, na watu wakampisha njia bila kuombwa.

Jioni Mama Povu alikula kidogo. Binti alikuwa na homa nyepesi ya sindano, amelala begani kwake. Mama mkwe alikuwa anakunja nguo za nyumbani, ambazo bado anazipiga pasi kama za wateja.

"Una nini?"

Akamweleza. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akakunja shati, akalilaza.

"Ulimpeleka mlangoni kwanza?"

"Nilimpeleka, mama."

"Ukaona kwa macho yako, si kwa wasiwasi wako?"

"Niliona. Lakini kama nimekosea?"

"Hujakosea. Mimi ndiye niliyekufundisha, unataka kunitukana?" Akainua taulo la mtoto, akanusa. "Hili umelifua kwa sabuni ya ndege?"

Mumewe, aliyekuwa anapangusa mnyororo kwenye gazeti, akasema bila kuinua kichwa, "Na mimi nina doa la grisi hapa mkononi tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi. Kama siku moja tutachanganywa na mtu, uliangalie hilo."

Mama Povu alicheka, lakini moyo haukutulia mpaka kesho yake, daktari alipoingia ghalani na simu juu mkononi kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Nahodha ameleta habari. Walifungua sanduku mbali, maji yakiwa yametulia. Ndege akatoka, akatembea sitahani kama mkaguzi, akawatapikia mabaharia wawili, akajitupa majini. Wakaegemea ukingo wa meli wakatazama. Akaelea. Akakaa juu ya maji kama kizibo, mkia juu, akajinyoosha manyoya kwa muda mrefu bila haraka, kisha akakimbia juu ya mawimbi, akainuka, akaenda.

Mama Povu akaenda nyuma ya vizimba, akajifuta macho kwa pindo la aproni, akarudi kazini.

Alasiri ile daktari alipaka rangi nyekundu upya kichwani mwa Bwana Mkubwa, ingawa sasa alikuwa peke yake na hakuna wa kumchanganya naye. Kisha akaandika ukutani kwa herufi kubwa, na mshale unaoelekea kizimbani: HILI SI DOA. Kila mgeni akija anauliza ni nini, na Mzee wa Funguo humweleza, kila mara anaongeza chumvi kidogo, mpaka siku hizi katika hadithi yake meli imeshang'oa nanga na yeye anaogelea na sanduku kichwani.

Bwana Mkubwa bado anaoshwa. Maji yanamwingia kidogo kuliko zamani. Mkia hauzami tena haraka, na daktari anasema meli ijayo huenda ni yake. Mama Povu humbana magotini, humfunika macho, hupitisha mswaki shingoni, utosini, anaizunguka rangi, chini ya macho, juu ya lile bomba la pua. Akifika kwenye ncha ya kijani anauinua mswaki, anairuka, anaendelea upande wa pili.